Makombora ya Mlangoni

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimeiona presi ikifanya kazi!

Miezi yote hii nimekuwa stoo ya kiwanda napanga boliti. Leo Breki kanijia. Breki ndiye msimamizi wa zamu yetu, tumempa jina hilo kwa sababu kila unachotaka kufanya atakwambia simama kwanza. Kasema: "Wewe Injinia wa Simu, njoo uone kazi." Injinia wa Simu ndiye mimi. Eti kwa kuwa kila ninachojua kuhusu vyuma nimejifunza kwenye simu. Wacheke tu. Shule ilinishinda ada, kusoma hakujanishinda.

Basi. Kipande cha chuma kinatoka tanurini, kinene kama paja, kinang'aa hadi macho yanatoka machozi. Winchi inakibeba, inakitia kwenye shimo, presi inashuka kukikandamiza. Na haipigi kelele! Hilo ndilo lililoniua. Nilijiandaa kwa kishindo, nikaziba na masikio. Inashuka kimya, kama mtu mnene anayekaa kwenye kochi, na chuma kinapanda pembeni kama unga uliokandwa ukiuchoma kidole. Ukipepesa macho umekosa. Kipande kimekuwa ganda la kombora, jekundu, refu, lina uwazi katikati.

Nimesimama mdomo wazi. Breki kaniambia nifunge, utaingia moto.

Zamani hapa walitengeneza mitungi ya gesi ya kupikia. Presi ni ileile. Vita vilipozidi kurefuka wakabadilisha shimo la chini na mchi wa juu, kiwanda kilicholala miaka kikaamka. Wazee wa mitungi mpaka leo wanaliita ganda "mtungi". Lete mtungi, geuza mtungi. Na mtungi wenyewe unaenda kuwaangukia watu huko.

Kaka yangu ni mpiga mizinga. Yuko mstari wa mbele mwaka wa pili sasa. Labda hili la leo atalishika yeye kwa mikono yake! Nikalipigia saluti. Nilidhani hakuna aliyeniona. Walioniona ni zamu nzima.


Jumatano, 11 Septemba

Ugomvi mezani. Redio imetangaza fungu la ulinzi linaongezwa tena, na Dada kainuka kaizima.

Dada ni mkunga. Kasema kwake wodini kina mama wanalala wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, halafu anakuja nyumbani mdogo wake anamsimulia presi kama anamsimulia mchumba.

Nikawaka. Nikamwambia Dada, hivi si vita vya kushinda kwa siku moja, hivi ni vya kuchoshana. Watu wanaangalia ramani. Ramani haijasogea mwaka mzima! Kinachosogea ni maghala. La adui linajaa, letu linaisha. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja ndani mmoja nje. Mlango hausogei, unadhani hakuna kinachotokea. Kumbe mmoja anaishiwa pumzi. Na ukianza kutafuta pumzi siku ile unayoishiwa, umechelewa. Kiwanda hiki kililala miaka! Mafundi wakatawanyika, huyu anaendesha teksi, yule kafungua kibanda cha kinyozi. Pesa zikitolewa leo zinanunua chuma leo, lakini yule fundi aliyesahau hazimrudishi leo.

Dada kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Na watoto wasipozaliwa salama, hayo makombora yatamlinda nani?"

Nilikuwa na jibu moja, nikaliona bovu, nikalimeza na chai.

Mama akaingilia: akiba haiozi, wanangu. Dada: "Ya baruti inaoza, Mama. Na ikioza inalipuka." Tukacheka wote, hata mimi niliyekuwa nimenuna.


Jumapili, 22 Septemba

Kaka kaja! Ruhusa fupi, kesho anarudi.

Kawa mwembamba, shingo ndefu kama ya kijana wa miaka kumi na mitano. Mama anatafuta sababu za kumgusa: mara kola, mara kuna uzi hapo begani. Anakula amesimama. Mama kamwambia kaa, mwanangu, kiti hakiumi. Kakaa. Baada ya muda kidogo tunamwona tena yuko wima na sahani mkononi, hata yeye kashangaa.

Nikamuuliza mzinga unalia vipi. Nilitaka kujua! Kasema niulize ukinyamaza unakuwaje.

Halafu kasimulia. Sijawahi kusikia kitu kama hiki. Wale wa mbele, wa kwenye mahandaki, wakizidiwa wanaita kwenye redio: tupeni moto, tupeni moto. Na Kaka yuko pale, mzinga msafi, mtutu unang'aa, wenzake wote wamesimama mahali pao. Makombora hakuna. Yapo machache ya dharura, na dharura hiyo anaitangaza mkubwa, si yeye. "Basi nawaambia subirini. Wanasema tusubiri nini? Nawaambia subirini." Alikuwa anabandua karatasi ya chupa ya soda, taratibu, isichanike. "Baadaye wanaacha kuita."

Dada kamuongezea chakula.

Kasema upande wa pili wanapiga tangu alfajiri, mpaka unazoea kama mvua ya bati, mpaka wakinyamaza ndiyo unaamka. Nikamuuliza, kazi yetu ya wiki nzima kiwandani, ninyi mnaipiga kwa muda gani? Kafikiri. Wakiruhusiwa, kasema, wataimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Wiki yetu! Tanuri, winchi, jasho, migongo, lori zima. Kabla ya chai! Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi. Ukubwa wa hiki kitu, jamani. Kinakula vyuma, kinakula mafundi, na bado kinafungua mdomo.

Wakati wa kulala kanipiga kofi la kisogoni. "Profesa," ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "hivi hapo kiwandani huwa mnalala?" Kwa utani. Lakini alingoja jibu.


Alhamisi, 3 Oktoba

NIMEJUA TUNAPOKWAMA!

Si presi. Presi ingeweza kula mara mbili ya inavyokula. Ni mchanga! Ganda likitoka presini linafukiwa kwenye masanduku ya mchanga lipoe polepole. Masanduku yamejaa. Basi presi inakaa tu inasubiri, kama mgeni aliyefika kabla ya chakula. Tunatazamana nayo.

Nikawauliza wazee wa mitungi: ninyi zamani mlipoozea wapi? Wakacheka. Mlangoni! Lile lango kubwa la nyuma, upepo unapita, unasimamisha mitungi pale, ukimaliza kuvuta sigara unaishika kwa mkono. Miaka yote walifanya hivyo. Mchanga umeletwa na hawa wanajeshi na maelekezo yao.

Nikamfuata Breki nikamchorea kwa chaki sakafuni. Kichanja cha vyuma pale langoni, ngazi tatu, maganda yamesimama, upepo unapita katikati. Mchanga kidogo, halafu langoni. Nilikuwa nasubiri "simama kwanza".

Hakusema. Mwanawe yuko kwenye mahandaki. Ni mmoja wa wale wanaoita kwenye redio. Katazama ile chaki muda mrefu, kaikanyaga kidogo pembeni kama anaijaribu.

"Mitungi haikuwahi kulalamika," kasema. "Chomelea."

Tumekichomelea leo leo! Jioni kilikuwa kimejaa. Yamesimama pale safu kwa safu, mekundu yanageuka kijivu, joto linatetemesha hewa hata miti ya nje inaonekana kama iko ndani ya maji. Nimeungua kidole, nimeungua na nyusi. Sijali. Presi haikusimama hata mara moja.


Jumanne, 15 Oktoba

Wakubwa wamekuja kututembelea, suti na kofia mpya za plastiki. Meneja kawapeleka moja kwa moja kwenye kichanja. Kiwanda kizima kimeongeza kazi karibu nusu kwa sababu ya chaki yangu! Mmoja kanishika mkono, kauliza nimesoma chuo gani. Nikajibu, cha kuunguza vidole. Breki karibu azimie.

Huyo mkubwa kapanda juu ya pipa akahutubia. Kasema bajeti ni ahadi, sisi ndio tunaoitimiza. Maneno mazuri. Nimeyaandika kiganjani ili nimsomee Dada. Jasho limeyafuta.

Mvua zimeanza jana. Matone yanaingia langoni yanagonga chuma cha moto, tsss, tsss, kama kichanja kizima kinanong'ona. Wazee wa mitungi wanasema ndivyo ilivyokuwa zamani, wamerudi ujanani.

Shehena ya kwanza ya mlangoni ilishakwenda kujazwa baruti, na wanasema imeshapakiwa kwenda mbele. Mkaguzi wetu wa jeshi hayupo, alipelekwa mbele naye mwezi uliopita. Hata wakaguzi wanaisha! Tunapima wenyewe urefu na unene, tunapitisha. Wanasema mwingine yuko njiani.

Kaka katuma sauti: bado wanasubiri. Subiri, Kaka. Yanakuja.


Alhamisi, 24 Oktoba

Niandike polepole.

Mkaguzi mpya amekuja wiki hii. Binti mdogo, labda ananizidi miaka miwili, hacheki. Ana taa ya bluu ya mkononi, tumeshamwita Tochi. Leo kaniita kwenye kile chumba chake alichokiziba madirisha kwa maturubai. Kamwagia ganda maji yake ya dawa, kalizungusha, kazima taa, kawasha ile ya bluu.

Giza. Halafu mstari. Wa kijani, unawaka, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Umeanzia kwenye kitako unapanda, unapinda kidogo, unapotea. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichowaza ni: ni mzuri!

"Ufa," kasema.

Kaleta lingine, zima. Lingine, zima. La nne, unywele.

Kaniuliza haya yamepozwa wapi. Nikamwonyesha langoni kwa kidole kilichoungua.

Kanieleza bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Chuma cha mtungi wa gesi ni laini, kinavumilia. Hiki kimetengenezwa kigumu makusudi, kikifika kule kivunjike vipande. Kigumu hakipendi kushtuliwa. Ukikitoa motoni ukakipeleka kwenye upepo na mvua, kinajikunja nje kabla ya ndani, na kinachanika pale usipoona. Mchanga ulikuwa na kazi yake.

Nikamuuliza, likipigwa na mzinga likiwa hivi?

"Linaweza kutoka salama. Linaweza kupasukia ndani ya mtutu."

Na waliosimama hapo karibu?

Kawasha taa ya kawaida. Kafuta ganda kwa kitambaa, vizuri, kama anamfuta mtoto.

Nilichora mimi. Kwa chaki. Mimi!


Ijumaa, 25 Oktoba

Ofisini kwa meneja. Meneja, Tochi, Breki, mimi. Swali moja tu: tulianza lini kupoozea mlangoni?

Breki kanitangulia. "Mvua zilipoanza." Yaani wiki mbili hizi. Hayo yote bado yako hapa uani au kwenye kujazwa. Yanazuilika bila kelele.

Lakini tulianza tarehe tatu! Yale ya mwanzo, ya upepo mtupu kabla ya mvua, yameshafika mbele au yanafika. Breki anajua. Tochi kanitazama mimi, hamtazami Breki.

Nikasema. Tarehe tatu.

Nilimuuliza Tochi kama hayo ya upepo tu nayo yana ufa. Kasema hajui. Labda yote mazima. Labda moja kwenye kila lori. Ukiyaangalia mojamoja utajua, lakini yako mbele na taa iko hapa. Meneja alikuwa ameshanyanyua simu. Amri itatoka: yote ya tarehe hizo yasiguswe, mpaka yarudishwe.

Nje, karibu na mapipa, Breki kanishika mkono juu ya kiwiko. Hakunibana. Ningependa angenibana.

"Wako yuko nyuma ya mzinga," kasema. "Wangu yuko mbele yake anaungoja. Umemwokoa wako kwa wangu."

Nikasema Breki, sikufikiria hivyo. Kasema najua, hukufikiria. Kaenda kuzima tanuri mwenyewe.

Mchana wamekata kichanja. Wazee wa mitungi hawaniangalii. Mmoja kanipita kasema kwa sauti ili nisikie, hongera Injinia.


Jumapili, 27 Oktoba

Presi imesimama. Nilipita nje ya ukuta nisikie, hakuna kitu. Sikujua kiwanda kina kimya kikubwa hivi.

Dada karudi kutoka kazini asubuhi, nikajua sasa ndiyo nitasikia "nilikwambia". Nikajiweka tayari. Kavua viatu, kakaa sakafuni karibu na kitanda changu.

Kasema angekuwa yeye angesema vilevile, tarehe tatu, halafu angemchukia kila mtu mpaka jioni.

Halafu kasema bado anataka vitanda vyake, nisije nikadhani amehama upande. "Lakini sikiliza. Wodini chupa ya damu tukiishuku, tunaimwaga. Hatujiulizi mara mbili. Kwa sababu kwenye friji ipo nyingine. Siku kwenye friji haipo nyingine..."

Kaanza kukunja soksi.

Nimekaa na hilo siku nzima. Mimi miezi yote hii nilikuwa napiga hesabu ya kitoto, wao wana ngapi, sisi tuna ngapi, nani atamrushia mwenzake zaidi. Kumbe kuwa na vya kutosha si hivyo tu! Kuwa na vya kutosha ni kuweza kutupa kibovu. Mwenye ghala akiona shaka anasema hili weka pembeni, anapiga lingine, anakunywa chai. Fungu lote lile wanalogombania redioni, miaka yote tuliyosema kiwanda kilale tu, amani ipo, tulichokuwa tunakiuza ni hicho. Lile lingine la akiba. Niliposhika hili wazo nilisimama katikati ya chumba kama siku ile mbele ya presi.

Nani nimwambie? Breki?


Jumatatu, 28 Oktoba

Zamu yetu tumeambiwa tubaki nyumbani mpaka tuitwe. Kumekucha vizuri, jua, Mama anafua.

Kaka kapiga simu. Anacheka! Mzigo umefika jana, wa kwetu, kaona alama ya kiwanda kwenye kitako. "Profesa, kumbe hamlali!" Halafu eti kabla hawajafungua hata sanduku la pili, amri: lisiguswe hata moja. Masanduku yamepangwa pale mpaka kifuani, na wao wamekaa juu yake kama kuku. "Wakubwa wamechanganyikiwa? Wewe uko huko, niambie."

Nikamwambia. Yote. Mchanga, mlango, upepo. Nani alichora.

Nilidhani simu imekatika.

"Mabovu mangapi?"

Nikasema hatujui. Labda hakuna.

"Labda hakuna," kasema.

Au moja. Au mawili. Kaka, hatujui, ndiyo maana ya amri.

Nyuma yake redio inaita. Sauti ya kijana. Sasa sisikii "tupeni moto" kama alivyosimulia, nasikia mtu anayeomba kama unavyoomba maji. Kaka kamjibu: subiri. Kijana kaita tena. Kaka: subiri.

Nikasema amri ni amri, Kaka, tafadhali. Kasema amri imetoka mezani, huyu anaita kutoka shimoni. Halafu, polepole, kama zamani akinifundisha kuendesha baiskeli: "Usikate, Profesa." Kaweka simu chini mahali.

Hajakata. Sijakata. Naandika huku simu iko mezani, spika iko wazi. Nikiacha kuandika nitapiga kelele, na Mama yuko nje anaanika, hajui. Dada kasimama nyuma yangu, kashika mgongo wa kiti.

Kijana bado anaita. Anaweza kuwa wa Breki. Anaweza kuwa wa mtu yeyote.

Wanabishana huko. Mmoja anasema tukipatikana tutafungwa. Mwingine anasema tufungwe na nani, huyu akimalizwa tunaofuata ni sisi. Mbao zinapasuliwa. Sanduku.

Nimeita jina lake. Hasikii.

Chuma juu ya chuma. Naijua hiyo sauti, ganda linaingia. Linateleza vizuri, urefu sawa, unene sawa, tulipima wenyewe.

Kaka anawaambia wote warudi nyuma ya ukuta. Wote. Kamba ya kufyatulia atavuta yeye. Anauliza ile ndefu iko wapi, avute akiwa ukutani. Mtu anamjibu ndefu ilikatika tangu mwezi wa nane, waliomba nyingine haikuja. Ipo hii.

Kaka anasema hii haifiki ukutani.

Redio imeita tena.

Kasema basi, lete hiyo hiyo.